Dhima ya Rubani na Nahodha

Rubani hupelekwa kwa mashua nje ya bandari, akapanda kwa ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ingali yaenda. Yeye ndiye ajuaye miamba na mikondo. Walakini, isipokuwa katika Mfereji wa Panama, dhima haimtoki nahodha. Mwaka 2007, katika ukungu wa San Francisco, meli iitwayo Cosco Busan ilijigonga katika daraja, zikamwagika lita zipatazo 200,000 za mafuta. Rubani alifungwa miezi 10. Wachunguzi walimlaumu na nahodha pia, kwa kutomsimamia. Wako wasemao kaonewa: mgeni atamsahihishaje mwenyeji? Mimi sikubali. Kumuuliza rubani si kumvunjia heshima, na meli ilikuwa amana mkononi mwake nahodha.