Kura na Amri ya Tano

Amri ya tano ya Mungu haikatazi kuua tu. Yatudai pia tuutunze uhai wa jirani. Je, yatudai hivyo hata siku ya kupiga kura? Twajibu: ndiyo.

Tulitazame jimbo la Virginia, Marekani. Tarehe 31 Mei, 2019, watu 12 waliuawa kwa risasi katika ofisi za mji wa Virginia Beach. Gavana Ralph Northam akawaita wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waje kushauriana juu ya silaha. Wakakutana tarehe 9 Julai. Saa mbili hazijatimia, chama cha Republican, kilichokuwa na wingi, kikaahirisha mkutano mpaka uchaguzi upite. Hivyo neno hilo zito likawaangukia wapigaji kura. Tarehe 5 Novemba wakakipa wingi chama cha Democratic, na mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya kumchunguza kwanza kila anunuaye bunduki.

Hatukitetei chama chochote. Wala hatusemi kila mwenye bunduki atenda dhambi, kwani Kanisa halimnyimi mtu haki ya kujitetea. Lakini haki hiyo ina mpaka, nao ni uhai wa mwenziwe; na kuulinda mpaka huo ni wajibu wa Serikali.

Wazazi Wakristu, nasi huitwa kupiga kura. Tusimwulize mgombea atatupa nini, kabla ya kumwuliza atamlinda nani. Wajumbe waweza kuahirisha mkutano. Hukumu ya Mungu haiahirishwi.