Kambale na Mizani

Wajukuu zangu,

Jumapili ile mgeni wetu aliposogeza kando bakuli la kambale, niliwasikia mkicheka jikoni. Mimi nilimwona mtu mwenye njaa, mbele ya mchuzi unaonukia, akikataa kwa upole. Ninyi mtajifunza lini?

Fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 11. Mnyama wa kuliwa awe na kwato zilizopasuka, tena acheue. Ngamia hucheua ila kwato za namna hiyo hana. Nguruwe kwato anazo ila hacheui. Samaki awe na mapezi na magamba, na kambale magamba hana. Wengi hutafuta humo habari za afya, lakini sura yenyewe haitaji ugonjwa hata mmoja. Sababu iko katika mistari ya 44 na 45: Mungu ni mtakatifu, naye ndiye aliyewatoa Waisraeli Misri, basi nao wawe watakatifu. Mtumwa hula alichopewa. Hawa walikuwa wamekombolewa, wakafundishwa kutua kidogo kabla mkono haujafika chunguni, kila siku, hata pasipo kuhani wa kuwaona. Ndiyo maana Danieli, mateka kule Babeli, aliomba mboga na maji kwa siku 10 asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Mwili ulikuwa kifungoni, moyo ulikuwa huru.

Najua Petro alionyeshwa kule Yafa ile nguo kubwa yenye wanyama wa kila namna, akaambiwa ale, na Paulo akawakataza Warumi kudharauliana kwa ajili ya chakula. Mimi kambale ninakula, na dhamiri yangu imetulia.

Ila msiishie sura ya 11. Nendeni hadi ya 19. Habari ya kutolewa Misri inarudi palepale, safari hii juu ya mizani na vipimo vya haki. Na mstari wa 13 unakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kitabu ni kilekile! Jicho lililozoezwa kukagua magamba ya samaki lilitakiwa likague na jiwe la mizani.

Hapa ninasema na mmoja wenu, asiyegusa kitimoto na anayejivunia hilo. Yule kijana aliyekupalilia mahindi tangu Jumatatu alipita kwangu jana, akiulizia pesa yake. Unazo, mjukuu wangu, ninajua. Mpelekee leo, jua halijazama.