MALI YA SERIKALI INA WENYEWE

Ndugu zetu, limezoeleka vinywani mwetu neno hili: "Mali ya serikali haina mwenyewe." Basi na tutazame.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeamrisha kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, na Ibara ya 201 yataka fedha hizo ziendeshwe kwa uwazi na raia washirikishwe. Nazo zatoka wapi? Zatoka katika kodi ya sabuni na mafuta ya taa anunuayo mjane.

Mtume s.a.w. alikuwa na mtumishi aliyepigwa mshale akafa, baada ya vita vya Khaybar. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akakataa, akaeleza kuwa shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla ya kugawanywa yamuwakia moto. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Shuka moja! Je, mwenye kula mtaro wa mtaa mzima?

Na mwenye kunyamaza je? Wako wasemao kuwa kudai hesabu ni fitna. Mwenye mali kuuliza mali yake, fitna iko wapi? Lakini mimi nami niliitwa kwenye kikao cha bajeti ya wadi yetu, nikaona si kazi ya mwalimu wa chuo, sikwenda. Waliokwenda waliomba taa, zikawekwa taa; mtaro haukutajwa. Masika yalipofika maji machafu yaliingia chuoni, watoto wakatoka na juzuu vichwani, nami sikuwa na uso wa kumlaumu mtu.