Ukubwa wa Abiria Haurefushi Uwanja

Ukisimama kando ya barabara pale Kalunguta, kati ya Beni na Butembo, utapata somo la usalama bila kulipa hata franga moja. Kijana anafika kwenye mteremko na chukudu yake, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, magunia ya viazi yamepangwa hadi kifuani. Kabla ya kuiachia, anasimama. Anakanyaga kile kipande cha tairi kuukuu kinachobana gurudumu la nyuma, anakikanyaga tena, anainama kutazama kama kimeshika. Ndipo anapanda na kuteremka. Kazi yote haimchukui muda wa kuwasha sigara. Hakusomea chuo chochote. Anajua tu kwamba breki hujaribiwa juu ya mlima, kwa sababu katikati ya mteremko hakuna tena majaribio.

Nataka kusimulia habari za ndege ya mamilioni ya dola na watu waliosahau anachokijua kijana huyo.

Ndege yenyewe inaitwa Gulfstream IV. Ni jeti ya Kimarekani, ndogo ukiiweka kando ya ndege za abiria wa kawaida, yenye injini mbili za Rolls-Royce mkiani na viti visivyozidi 19. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1985. Inaweza kuondoka Kinshasa ikatua Ulaya bila kuongeza mafuta njiani, na ndiyo maana marais, mawaziri na matajiri wa madini waliipenda. Imetengenezwa kwa ustadi, na ajali zake zilizoua watu ni chache. Lakini ukizipanga hizo chache mbele yako utashangaa: nyingi hazikutokea mawinguni. Zilitokea chini, magurudumu yakiwa ardhini.

Yetu ilitokea Kavumu.

Jumapili ya tarehe 12 Februari 2012, Gulfstream IV yenye usajili wa Marekani ilikuwa inatua katika uwanja wa Kavumu, uliokuwa ukihudumia mji wa Bukavu. Ndani alikuwamo Augustin Katumba Mwanke, gavana wa zamani wa Katanga na mshauri aliyehesabiwa kuwa karibu mno na Rais Joseph Kabila. Alikuwamo pia Augustin Matata Ponyo, waziri wa fedha. Antoine Ghonda, balozi wa rais. Na Marcellin Cishambo, gavana wa Kivu ya Kusini. Ndege iligusa uwanja, ikakimbia, uwanja ukaisha nayo bado inakimbia. Ikaporomoka kwenye mteremko ulio nje ya njia ya kutua, ikavunjika. Katumba alikufa, marubani wote wawili wakafa, na mauti yakawakuta hata watu waliokuwa ardhini. Matata Ponyo alitoka na majeraha. Miezi miwili baadaye aliteuliwa kuwa waziri mkuu.

Kwetu, habari kama hiyo ikifika matangani, maneno huwa ni yale yale. Mmoja anasema siku yake ilikuwa imefika. Mwingine anaitikia kwamba ajali haina kinga. Wa tatu anashusha sauti na kuleta habari za uchawi au za siasa. Kumfariji mfiwa ni wema, wala sina ugomvi na maneno ya faraja. Ila methali hiyo ikitoka matangani ikaingia ofisini, karakanani na kwenye chumba cha marubani, inageuka kuwa ruhusa ya uzembe. Ajali nyingi zina kinga. Kinga yenyewe ni ndogo, haina sifa, na hufanywa kabla hakujaharibika kitu.

Tazama kwanza hesabu ya Kavumu. Uwanja uko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, na njia yake ina urefu wa kilomita 2 hivi. Butembo yetu nayo iko juu kiasi hicho. Huku juu hewa ni nyepesi. Kipimo cha mwendo kinaweza kumwonyesha rubani namba ile ile anayoiona akitua Muanda kando ya bahari, lakini magurudumu yatagusa ardhi ya Kavumu kwa mwendo unaozidi ule wa Muanda kwa karibu sehemu moja ya kumi. Na mzigo wa breki hukua haraka kuliko mwendo: ukizidisha mwendo kwa sehemu moja ya kumi, kazi ya kusimamisha inazidi kwa karibu sehemu moja ya tano. Juu ya hayo, kila mita inayopita chini ya ndege kabla magurudumu hayajagusa ni mita ambayo breki haitaipata kamwe.

Hesabu hiyo haijui cheo. Awe ndani waziri, awe muuza samaki wa Ziwa Edward, uwanja una mita zake na mlima una hewa yake. Ukubwa wa abiria haurefushi uwanja. Wala hatuwezi kujificha nyuma ya lile tulilozoea kusema, kwamba ndege za Kongo ni mikweche. Ni kweli mashirika yetu ya ndege yamefungiwa anga la Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2006. Lakini ile ya Kavumu haikuwa mkweche. Ilikuwa ndege ya kifahari, ya aina ile ile wanayopanda matajiri wa Amerika.

Na huko Amerika kwenyewe aina hiyo imeua. Tarehe 30 Oktoba 1996, katika uwanja wa Palwaukee karibu na Chicago, Gulfstream IV ilikuwa inakimbia ili iruke huku upepo ukiipiga ubavuni. Ikakengeuka kushoto, ikatoka njiani, ikaungua. Watu wanne walikufa. Kampuni mbili zilikuwa na mkataba wa kubadilishana ndege, na siku hiyo rubani mkuu alitoka kampuni moja, msaidizi wake kampuni nyingine, kila moja ikiwa na utaratibu wake. Wachunguzi walisema rubani alishindwa kuishika ndege kwenye mstari, na msaidizi hakumfuatilia ipasavyo. Jikoni mwa wapishi wawili, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyetia chumvi.

Tarehe 13 Julai 2012, miezi mitano tu baada ya Kavumu, nyingine ilitua Le Castellet, kusini mwa Ufaransa, ikitokea Nice. Ilikuwa na wafanyakazi wake watatu, hakuna abiria. Juu ya mabawa ya ndege hii kuna vibao ambavyo husimama wima mara magurudumu yanapogusa ardhi. Kazi yake ni kuliondolea bawa nguvu ya kuelea, ili uzito wote ukae juu ya magurudumu na breki zishike. Lakini havisimami vyenyewe mpaka marubani waviandae kabla ya kutua. Siku hiyo walisahau. Bawa likaendelea kubeba, gurudumu la mbele likawa jepesi, ndege ikachepuka kushoto, ikavunja uzio, ikaingia mitini na kuwaka. Wote watatu walikufa kwa sababu iliyoanzia kwenye mstari mmoja wa orodha ambao haukutekelezwa.

Ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Usiku wa tarehe 31 Mei 2014, katika uwanja wa Hanscom huko Bedford, Massachusetts, Gulfstream IV ilijiandaa kuondoka na watu saba. Ndege hii ina kufuli ya usukani. Ikiwa imeegeshwa, rubani huvuta mkono wa kufuli ili upepo usivipigepige vibao vya mkia na mabawa. Kabla ya kuondoka lazima aifungue. Kisha kuna jaribio la kuhakikisha: shika usukani, upeleke mbele mpaka mwisho, uvute nyuma mpaka mwisho, kushoto, kulia, kanyaga pedali zote mbili. Ni sekunde chache tu, kama yule kijana na kipande chake cha tairi.

Kufuli haikufunguliwa, na jaribio halikufanyika. Injini zilipotiwa nguvu, mikono ya mafuta iligoma kufika mwisho kwa sababu ya kufuli ile ile. Marubani waliona kasoro, wakaendelea. Ndege ikashika mwendo wa kuruka, usukani ukakataa kunyanyuka. Rubani akatambua kwamba kufuli imefunga. Hata hapo mlango wa kuokoka ulikuwa wazi: wachunguzi wa Marekani walikadiria kwamba kama wangekatisha ndani ya sekunde 11 hivi, ndege ingesimama juu ya lami. Sekunde hizo zilipotea wakihangaika na kufuli huku wakikimbia. Ndege ikapita mwisho wa uwanja, ikaangukia bondeni, ikateketea. Hakupona mtu.

Hawa hawakuwa wanagenzi. Walikuwa na uzoefu mkubwa na walikuwa wameruka pamoja kwa miaka mingi. Wachunguzi walifungua chombo kinachohifadhi kumbukumbu za safari, wakatazama mara 175 ambazo ndege hiyo iliondoka kabla ya siku ile. Jaribio kamili la usukani lilikuwa limefanyika mara 2. Hebu soma tena: mara 2 kati ya 175. Kwa maana nyingine, ajali ya Bedford haikuanza usiku ule. Ilianza siku ya kwanza waliporuka jaribio wakafika salama, wakajiambia kumbe si lazima. Safari iliyofika salama ndiyo iliyowadanganya. Wazee wetu walisema mazoea yana tabu, na hii ndiyo tabu yenyewe: humlipa mtu faida kidogo kidogo kwa miaka, halafu siku moja humdai yote kwa mkupuo.

Haki itendeke kwa pande zote. Mtengenezaji naye alikuwa na sehemu yake. Kufuli ile ilitakiwa kuzuia mikono ya mafuta kiasi ambacho ndege isingeweza hata kujaribu kuruka, na haikuzuia hivyo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani haikuligundua kosa hilo ilipoidhinisha ndege. Na tabia ya kuruka jaribio haikuwa ya marubani wawili peke yao. Mwaka 2016, chama cha wenye ndege za biashara cha Marekani kilichambua safari zaidi ya 140,000. Karibu 18 katika kila 100 ziliondoka bila jaribio kamili la usukani.

Turudi nyumbani. Kwa nini mkulima wa kahawa wa Kalunguta ajali habari za ndege ya matajiri? Kwa sababu vita vimeifanya barabara yetu kuwa ya hofu, na mwenye uwezo, hata wa kuungaunga, siku hizi hukimbilia uwanja wa Mavivi, Beni, kutafuta kiti cha ndege. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliondoka Goma asubuhi kuja Beni. Haikumaliza hata dakika chache hewani. Ikaangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, karibu watu 30 wakafa, wakiwemo waliokuwa majumbani mwao. Miaka 11 kabla yake, tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuruka katika uwanja huo huo, ikapitiliza hadi Birere, mtaa wa soko. Njia ya Goma ilikuwa imefupishwa tangu Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipofunika karibu theluthi yake. Mita zilizopotea zilijulikana na kila mtu. Kilichoua si volkano peke yake. Ni miaka sita ya kuishi na uwanja mfupi kana kwamba ni mrefu.

Basi, ndugu msomaji, funzo hili ni la watu watatu.

Wa kwanza ni mkubwa, yule anayesubiriwa na mapokezi, ngoma na maua. Mheshimiwa, rubani akikuambia leo hatutui, au mizigo imezidi, au tusubiri mawingu yapande, jibu lako liwe neno moja: sawa. Usimpigie simu bosi wake. Usimkumbushe wewe ni nani. Mtu anayeogopa kukuambia hapana ndiye huyo huyo aliyeshika uhai wako.

Wa pili ni mwenye kazi: rubani, fundi, dereva wa lori la Beni, motari wa Kalunguta, muuguzi anayehesabu dawa. Miaka yako ishirini ya kazi haikaguliwi badala ya breki. Orodha uliyopewa haikuandikwa kwa ajili ya wajinga. Iliandikwa na watu waliozika wenzao. Na ukiona kasoro ndogo, mkono unaogoma au sauti usiyoizoea, simama kwanza, ndipo utafute sababu. Bedford walitafuta sababu huku wakikimbia.

Wa tatu ni sisi abiria. Tunapolipa chini ya meza ili begi la ziada lipite bila kupimwa, tunaongeza mzigo ambao rubani hajui kama anao. Tunapomzomea dereva anayesimama kukaza tairi, tunamfundisha asisimame tena. Mkubali acheleweshe. Funga mkanda. Uzito wako utaje ulivyo.

Kijana wa chukudu ameshafika chini ya mteremko. Viazi vyote vipo, miguu yake yote ipo. Kesho atapita tena hapo hapo, mahali alipopita salama mara mia, na kabla ya kushuka atasimama akanyage kile kipande cha tairi. Nasi tufanye kama yeye.