Kukesha Saa Moja

Iko sinema moja ambayo mtu huitazama karibu saa tatu asisikie bunduki ikilia wala asione mtu akikimbizwa. Jina lake kwa Kijerumani ni Die große Stille, maana yake Kimya Kikuu. Ilitolewa mwaka 2005 na Mjerumani Philip Gröning, naye aliipiga katika monasteri ya Grande Chartreuse, huko milimani Ufaransa, iliyo nyumba mama ya Wakartusi, watawa wa Mtakatifu Bruno aliyeanza maisha hayo mahali hapo mwaka 1084.

Habari ya kutengenezwa kwake yatosha kuwa fundisho. Gröning aliomba ruhusa mwaka 1984. Wamonaki wakamjibu kwamba wakati wake haujafika. Akangoja. Ilipopita miaka 16 hivi, wakamwandikia kwamba sasa aweza kuja. Akaenda peke yake, bila mafundi wa kumsaidia, bila taa za kuongeza mwanga, akakaa kati yao miezi mingi. Katika sinema yake hakutia muziki wa kupamba wala sauti ya msimulizi.

Twaona nini basi? Mmonaki mmoja amepiga magoti chumbani mwake. Mwingine akata kitambaa cha kanzu. Theluji yaanguka. Kengele yalia usiku, nao waamka kwenda kusali. Nyuso zao zatukabili, moja baada ya moja, bila neno. Kisha mzee kipofu asema kwamba humshukuru Mungu kwa upofu wake, kwa kuwa umeifaa roho yake.

Wengi watasema: hapa hakuna linalotokea. Nasi tulisema hivyo mioyoni mwetu tulipoitazama mara ya kwanza, na nusu saa haikwisha kabla hatujaitazama saa ya mkononi mara nne. Twaungama jambo hili kwa aibu, maana hapo ndipo tulipojifahamu. Sinema zilizo nyingi hutushika mkono na kutukokota mbio kutoka kisa hadi kisa. Hii hutuachia mkono, na mara twajiona kuwa hatujui kusimama wenyewe.

Kanisa halikuidharau sinema. Baba Mtakatifu Pius XII aliiandikia ensiklika mwaka 1957, pamoja na redio na televisheni; na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya vyombo hivyo mwaka 1963. Basi yafaa tuulize sinema yatufundisha kutazama namna gani, kwa maana jinsi tunavyozoea kutazama picha, ndivyo tutakavyomtazama jirani.

Ni wangapi kati yetu wawezao kuketi kando ya mgonjwa aliyekwisha kuacha kusema? Twaleta maziwa na matunda, twauliza hali, twasali Baba Yetu moja, kisha twaaga upesi, kwa sababu pale kitandani hakuna linalotokea. Kumbe mgonjwa hakutaka matunda. Alitaka mtu. Wahenga wasema subira huvuta heri; lakini iko subira nyingine isiyongoja kuvuta kitu, nayo ndiyo upendo.

Usiku ule wa Gethsemani, Bwana wetu hakuwaomba wanafunzi wake watatu wafanye kazi kubwa. Aliwaomba wakae naye na kukesha. Saa moja tu iliwashinda. Hawakumchukia, walisinzia tu. Nabii Eliya naye, alipomngoja Mungu mlimani, hakumkuta katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Aliyezoea kishindo tu angaliondoka kabla ya sauti hiyo kufika.

Kwa hiyo twawasihi wazazi, waalimu na viongozi wa jumuiya: itafuteni sinema hii, mkaitazame pamoja jioni moja ya Kwaresima, simu zikiwa zimezimwa. Mkichoka, msiondoke. Uchovu ule ni mlango. Kaeni mpaka ufunguke. Na kesho yake, nendeni kwa yule mzee jirani ambaye hatembelewi tena. Msiende na maneno mengi. Ketini, mtazameni uso wake, mkeshe naye saa moja.