Mchagua Jembe

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia methali hii tangu utotoni, na kila niliposimama dukani nikigeuzageuza panga au randa, ilinisuta. Hivi mtu akichagua zana kwa makini, ndiyo kusema anaikwepa kazi?

Naona methali ina haki, ila haiwahusu wote. Yupo anayechagua ili asianze: jembe hili zito, lile jepesi, mpini huu mrefu, na huku jua linapanda, shamba halijaguswa. Huyo ndiye wahenga waliyemlenga. Na yupo anayechagua kwa sababu ameshalima. Wa kwanza anasikiliza uvivu wake. Wa pili anasikiliza mkono wake.

Tofauti hiyo nilifundishwa na patasi. Nilinunua moja mpya, inang'aa, mpini wa plastiki nyekundu, nikaanza kuchimba tundu la kiungo kwenye ubao wa mninga. Tundu halijafika nusu, makali yamejikunja kama ukingo wa sahani ya bati. Fundi niliyekuwa nikifanya naye kazi hakusema kitu. Alichukua tupa, akaipitisha kwenye makali yale. Ikala chuma bila taabu. Kisha akaipitisha kwenye patasi yake mwenyewe, iliyofuliwa kwa springi ya gari, mpini wake wa mti umeingia weusi wa jasho. Tupa ikateleza. "Umesikia?" akaniuliza. Hakuuliza kama nimeona.

Sauti ile ilibeba habari za moto. Mhunzi hupasha chuma hadi kiwe chekundu, akakitumbukiza ghafla kwenye maji au mafuta. Hapo huwa kigumu, lakini ni ugumu wa kioo: kikipigwa, kinavunjika. Kwa hiyo hukirudisha kwenye joto dogo, nyuzi 230 hivi za Selsiasi, mpaka uso uliosuguliwa uchukue rangi ya majani makavu. Anatoa ugumu kidogo ili apate ustahimilivu. Basi ubora wa patasi haumo katika ugumu peke yake. Umo katika kiasi. Na kiasi hicho macho hayakioni. Anayechagua kwa mng'ao analipia kitu ambacho kazi haitakihitaji.

Hapa ndipo penye fumbo. Ikiwa mkono uliofanya kazi ndio unaojua kuchagua, anayeanza leo atachaguaje? Jibu langu ni kwamba hachagui peke yake. Mwanafunzi hushika kwanza nyundo ya fundi wake, akauzoea uzito wake, na siku akienda dukani, uzito ule unakwenda naye. Ameshaonyeshwa pia namna ya kutazama mpini: nyuzi za mti zikifuata urefu wake, ni mpini, zikikatiza mshazari, hapo ndipo utakapopasuka. Mtu hudhani amechagua kwa akili yake, kumbe amechagua kwa mikono ya waliomtangulia.

Nasema haya nikijua kwamba wengi hawana nafasi ya kuchagua. Wanachukua kile ambacho mfuko unaruhusu. Mwenye pesa ya jembe hafifu hununua jembe hafifu, na msimu ujao hununua jingine. Siwezi kumlaumu mkulima huyo. Namlaumu anayekata chuma laini, akakipaka rangi ya kuvutia, akijua kwamba atakayekishika hana pesa ya kununua mara mbili. Katika Nembo ya Taifa ya Tanzania kuna jembe na shoka vilivyopishana. Taifa lililoweka jembe mahali pale limekiri kwamba linaishi kwa mikono ya watu wake. Kumuuzia mwenye mikono hiyo chuma kibovu ni kumwibia siku zake, na siku iliyoibwa hairudishwi dukani.

Siku hizi nikienda kununua zana natia kipande cha tupa mfukoni. Namwomba muuzaji ruhusa, naipitisha taratibu kwenye makali, nasikiliza. Ikiteleza, nalipa. Kisha nakwenda moja kwa moja kazini, maana huko ndiko methali ya wahenga inakoningoja.