Salamu Iliyovunja Nyumba

Babu alisafiri kutoka Korea hadi Marekani kuwaona wajukuu zake. Alipofika, baba mtu akamwambia mtoto mkubwa azungumze na babu yake kwa Kikorea. Mtoto akasema alichokijua. Ila Kikorea kina namna ya kusemezana na rika na namna ya kumstahi mkubwa, na hiyo ya pili mtoto hakuwa nayo. Alimsemesha mzee kama mwenziwe wa kucheza naye. Aliyewahi kupitwa na mtoto bila shikamoo anaujua uchungu wake. Babu akamkaripia mwanawe kwa kushindwa kulea. Baba, kwa aibu, akawachapa watoto fimbo. Shuleni ikatolewa taarifa kwamba anawatesa, na maofisa wa ustawi wa jamii wakawachukua wakalelewe na watu wengine.

Kisa hiki alikieleza Lily Wong Fillmore, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1991. Utafiti wake ulifikia familia zaidi ya 1,000 nchini Marekani, na ulionyesha kwamba mtoto akiwahi kutiwa katika malezi ya Kiingereza kitupu, lugha ya kwao huwahi kupotea. Si ajabu. Mtoto wa miaka mitatu hajamaliza kujifunza lugha ya mama yake, na hachelewi kung'amua ni lugha gani inayompatia marafiki na sifa za mwalimu. Ile nyingine anaiacha ingali changa.

Fimbo siitetei. Kinachoniuma ni kwamba wakubwa wote wale hawakutambua kuwa watoto hawakuwa na utovu wa adabu. Walikuwa hawajui kusema.

Leo wako watoto wa Kikongo wanaokulia Marekani, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani, na njia wanayopitishwa ni ileile. Hata Nairobi na Dar es Salaam ziko chekechea zinazojivunia Kiingereza tangu getini, na walezi wanaowaambia wazazi, "Acheni Kiswahili nyumbani, mnamchanganya mtoto." Hofu hiyo haina msingi. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache katika kila moja, lakini ukiyajumlisha ya pande zote hapungukiwi. Akichanganya lugha katika sentensi moja, anatumia alichonacho.

Basi mlezi, kabla hujamfundisha mtoto maneno yako, muulize mama yake: akitaka maji husemaje? Akitaka kubebwa? Akibanwa na haja? Yajifunze hayo kwanza. Kama mpishi wa kituo anaijua lugha ya mtoto, mpe nafasi ya kumbembeleza na kumsimulia hadithi kwa lugha hiyo, kila siku, mbele ya wenzake. Nawe mzazi, ukishauriwa uache kumsemesha mwanao kwa lugha yako, kataa.